Naomba ushauri: tuuze friji tumalize kausha damu?

Habari zenu wakuu. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina mke na watoto watatu. Mwaka jana tulimuuguza mama mkwe, tukabaki na madeni: kikoba cha mke wangu 900,000, kausha damu (wale wakopeshaji wa riba kubwa) 400,000, na dukani kwa Mangi 85,000 (huyu mstaarabu, hanisumbui).

Kujibana tumejibana. Mahindi tulinunua Kibaigwa wakati wa mavuno, tunasaga wenyewe. Bodaboda nimeacha, natembea. Mke wangu ni Mgogo wa Mvumi, kwao wanatuletea mlenda mkavu kiroba kizima, basi ndiyo mboga. Juzi mwanangu mdogo wa miaka sita kachovya tonge, kalivuta juu kalitazama, akaniuliza, "Baba, kesho tena inavutika?" Nilicheka, lakini moyoni iliniuma.

Kwa mwezi tunabakiza 130,000. Tatizo ni kwamba kausha damu wanachukua 20,000 kila wiki, riba tupu, ile laki nne iko palepale. Mimi nataka tuuze friji, kuna mtu kafika 250,000, tujazie tulifute hilo deni. Mke wangu hataki kusikia. Friji hiyo anagandishia barafu za ubuyu, kwa joto hili hakosi 3,000 kwa siku. Yeye anasema tuanze na kikoba, maana wale kina mama ndio majirani zetu na anaona aibu kukutana nao kisimani.

Aliyewahi kukopa hawa jamaa, je, wanakubali kupunguziwa deni lenyewe kidogo kidogo, au ni mpaka ulete yote kwa mkupuo?