Tupeane uzoefu: Kwenda Sauti za Busara na kijana wako wa sekondari

Wakuu, wenye kuwapeleka watoto tamasha la muziki la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe Zanzibar, kuona bendi ambayo mzazi na mtoto mnaipenda wote, mwageni mambo hapa. Simulizi za safari tuziache. Semeni cha kufanya na kinachoharibika.

*

Naanza na masikio. Kelele ya desibeli 85 sikio huivumilia masaa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 masaa 4, 91 masaa 2, na ukifika 100 una dakika 15 tu. Mbele ya spika za tamasha 100 si ajabu.

Vizibo vya sponji vinatosha, ila wengi huvivaa vibaya. Kisokote kiwe chembamba. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma, ukisukume ndani, halafu ukishikilie kwa kidole sekunde 30 kitanuke. Kikibaki kimechomoza, hakijaingia, kirudie. Pamba ni kujidanganya. Kijana akiona aibu, mzazi avae kwanza, tena mbele ya rafiki zake.

*

Nyongeza kwa mkuu hapo juu: simameni karibu na meza ya fundi mitambo, ile inayotazama jukwaa. Yeye husawazisha muziki kwa anavyousikia pale alipo, kwa hiyo hapo ndipo gitaa, ngoma na mwimbaji vinapolingana. Mkijibanza ukutani besi inarundikana na maneno hamyasikii. Kucheza mbele kuachieni nyimbo mbili tatu za mwisho.

*

Wa kutoka Dar: boti ya kasi ni kama masaa 2, lakini muziki hupita saa sita usiku na saa hizo hakuna boti ya kurudi. Lala Unguja, tena weka chumba mapema, Februari ni msimu wa wageni. Chumba cha Shangani au Malindi mnarudi kwa miguu. Mtoto ambaye hajafika miaka 18 na hana kitambulisho cha taifa (NIDA), abebe kitambulisho cha shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa.

*

Simu! Watu wakijaa mtandao unalemewa: WhatsApp inazunguka tu, SMS inapenya. Tiketi ya simu ipigwe picha ya skrini mkiwa bado na intaneti. Mahali pa kukutana msiseme "getini", kila mtu anakutana getini. Chagueni kona moja ya ndani, mwende mkaione kabla giza halijaingia. Namba ya mzazi iwe kwenye karatasi mfukoni mwa mtoto, maana chaji huisha kwa kurekodi video.

*

Joto la kaskazi si mchezo, kunyweni maji tangu mchana. Mkitembea Mji Mkongwe mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja begani inamaliza kazi.

*

Mwanzisha mada, kwa nini Busara na si dansi la Dar?

*

Kwa sababu bendi za dansi kama Msondo au Sikinde mara nyingi utazikuta ukumbi wa baa, na wa miaka 16 hana pa kukaa pale. Ngomeni tiketi moja inawapa bendi kadhaa, zote zinapiga laivu. Ratiba ikitoka, kila mmoja achague bendi yake moja mbali na ile ya pamoja, asikilizishe mwenzake wiki nzima kabla. Na msisimame mfululizo usiku kucha: bendi isiyo yenu ndiyo ya kula na kupumzisha masikio.