Mjadala: Ramani ya nyota ya kwenye kompyuta ionyeshe nyota zote, au zile tu tunazoziona?

Mwalimu wa Fizikia (mwanzisha mada):
Wadau, juzi niliwapandisha wanafunzi kwenye paa la shule, Dar hii hii yenye taa kila kona. Nikaunganisha laptop na projekta, nikafungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, ukuta ukajaa nyota kama unga uliomwagika. Juu ya vichwa vyetu zilikuwepo labda ishirini. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, nyingine zimeenda wapi?"

Hoja yangu: programu ikifunguliwa mara ya kwanza, ionyeshe kinachoonekana kwa macho pale ulipo, basi. Kwa mjini, ikomee magnitudo 4. (Kwa wasiojua, magnitudo ni kipimo cha mng'ao wa nyota: namba ikipanda, nyota inafifia, jicho penye giza totoro hukomea karibu 6.) Katalogi, yaani orodha ya nyota zilizopimwa, ya Hipparcos ina nyota zaidi ya 118,000, Tycho-2 milioni 2.5, ile ya chombo cha angani Gaia inakaribia bilioni 2. Anayeanza atazifanyia nini?

Inchi Sita:
Napinga. Mimi galaksi hafifu naitafuta kwa darubini, kwa kuruka nyota hadi nyota, na ninazokanyagia ni za magnitudo 8 na 9. Ukizifuta umeniondolea ngazi. Mwanafunzi abonyeze F4, dirisha la mipangilio ya anga lifunguke, aweke ukomo wake, yamekwisha.

Mwalimu wa Fizikia:
Kaka, F4 unaijua wewe. Yeye hata hajui kwamba kuna kitu cha kupunguza. Anayejua ndiye aongeze.

Fundi Kodi:
Mnagombania idadi, wakati kinachowasumbua ni ukubwa wa vidoti. Hatua moja ya magnitudo ni mwanga mara 2.5 hivi. Kutoka Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, yenye -1.46, hadi nyota ya magnitudo 6, tofauti inakaribia mara 1,000. Projekta gani itatoa tofauti hiyo ukutani? Penye taa za mji kama pale paani, hakuna. Kwa hiyo programu inadanganya kidogo: nyota angavu inachorwa kidoti kikubwa, hafifu kidogo, ingawa kwa macho zote ni nukta tu.

Humo humo kwenye F4 kuna vipimo viwili. Kimoja kinakuza au kupunguza vidoti vyote kwa pamoja, kingine kinapanua pengo kati ya angavu na hafifu. Mwalimu, shusha cha kwanza, pandisha cha pili. Kundi la nyota la Orion litajitokeza lenyewe bila kufuta hata nyota moja.

Na tusiitaje Gaia kana kwamba ndiyo kila kitu. Nyota angavu mno ziliizidi nguvu mitambo yake, baadhi hazimo kabisa. Programu ikitegemea Gaia peke yake, itakosa zile zile ambazo mtoto anaziona.

Mpemba:
Fundi kasema kweli, lakini mie nina langu. Babu yangu alikuwa akitwambia Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na alikihesabu nyota sita. Nimekitafuta kwenye programu, nimekuta kundi limejaa vidoti mpaka umbo limepotea, na juu yake pameandikwa Pleiades, jina lake la kigeni. Nilikipita mara mbili! Kuongeza nyota kumenificha kitu ninachokijua tangu utoto.

Inchi Sita:
Hapo kwenye Kilimia umenibana, ndugu yangu. Basi ukomo ufuate ukuzaji: anga zima likionekana, ziwe chache, ukivuta karibu, hafifu zijitokeze.

Fundi Kodi:
Hiyo tayari ipo, mkuu. Ukivuta karibu zinaongezeka. Tunachobishania ni ianzie wapi.

Mwalimu wa Fizikia:
Ianzie kwenye macho ya mtoto. Vidoti nitavirekebisha kama Fundi alivyosema, Ijumaa tunapanda tena paani mawingu yakiruhusu. Ila ukomo wa 4 sijauachia. Mpemba, kwenu usiku hesabu ni ngapi, taa zikizimwa?

Mpemba:
Umeme ukikatika, njoo na Gaia yako.