Kundi: Bombo na Matawi Yake

Alhamisi

[1:52 usiku] Shangazi Zaituni: Assalamu alaykum jamaa. Laptop ya Baba Mdogo imegoma tena. Tumejaribu kuongea na wakwe wa Mombasa, sisi tunawasikia vizuri kabisa, wao wanatuona midomo inacheza tu kama samaki. Na Jumamosi ndiyo siku ya mahari.

[1:53 usiku] Mama Hawa: Wa alaykum salaam. Si mtumie simu?

[1:55 usiku] Shangazi Zaituni: Babu na simu hawaelewani. Tukiiweka spika yeye anaibandika sikioni, wale wakwe wakaishia kuangalia shavu. Anataka kioo kikubwa, awaone wote, na baraza zima lisikie. Ameshasema.

[1:56 usiku] Mjomba Juma Jinja: Mimi nilisema hiyo Linux ya Kassim italeta balaa. Rudisheni Windows.

[1:56 usiku] Kassim: Mjomba, Windows iliyokuja na hii mashine ilikuwa ya wizi, inadai leseni kila saa

[1:57 usiku] Mjomba Juma Jinja: Basi ni kirusi.

[2:04 usiku] Swaleh: Shikamooni wazee wote. Niko ndani ya taksi, foleni ya Bwaise haisogei, kwa hiyo nina muda. Kassim, usiguse kitu kwanza. Spika inalia?

[2:04 usiku] Shangazi Zaituni: Marahaba mwanangu.

[2:05 usiku] Kassim: Inalia. Nimepiga qaswida, imesikika mpaka kwa jirani

[2:06 usiku] Swaleh: Sawa. Kwa hiyo kadi ya sauti ipo na draiva ya kutoa sauti inafanya kazi. Kinachokosekana ni njia ya kuingia. Mnatumia nini kuongea, programu au kivinjari?

[2:07 usiku] Kassim: Jitsi, ile ya simu za video, ndani ya Firefox. Wao ndio wanafungua chumba, sisi tunabofya linki

[2:08 usiku] Swaleh: Firefox ilipouliza ruhusa ya maiki mlikubali?

[2:08 usiku] Kassim: Ndiyo. Na kijimaiki kinaonekana pale juu karibu na anwani, hakijakatwa

[2:10 usiku] Swaleh: Basi tuiache Firefox, tushuke chini. Fungua tamino, lile dirisha la kuandikia amri, andika

arecord -l

nitumie picha ya majibu.

[2:13 usiku] Kassim: 📷 Picha
Inanifokea

[2:14 usiku] Swaleh: Umeandika moja. Ni herufi L ndogo, ya Luwero.

[2:15 usiku] Kassim: 📷 Picha
Aah. Imetoa kitu kimoja: card 0, HDA Intel PCH, device 0, ALC236 Analog

[2:15 usiku] Baba Mdogo: Hiyo PCH ni ugonjwa?

[2:17 usiku] Swaleh: Hapana Baba Mdogo, ni jina la sehemu ya ubao ambayo sauti inapitia. ALC236 ni chipu ya Realtek, ndiyo inaendesha spika na lile tundu la hedifoni. Kinachonishangaza ni kwamba kwenye orodha ya kurekodi kuna kifaa kimoja tu. Kassim, juu ya kioo, kandokando ya kamera, kuna vitundu vidogo kama vya sindano?

[2:18 usiku] Kassim: Viwili. Kimoja kushoto kimoja kulia

[2:20 usiku] Swaleh: Hizo ndizo maiki zako, na ni za kidijitali. Waya zake hazipitii kwenye hiyo ALC hata kidogo, zinakwenda moja kwa moja kwenye kichakata sauti kilichomo ndani ya Intel. Ile analogi unayoiona kwenye orodha ni ya tundu. Yaani mashine inasikiliza kwenye tundu ambalo halina kitu.

[2:21 usiku] Mama Hawa: Kama mtu anayetega sikio kwenye nyumba ya jirani aliyehama 😂

[2:23 usiku] Baba Mdogo: Basi tuchomeke hedifoni yenye maiki, tumalize. Ninayo, nilinunua elfu tano stendi.

[2:24 usiku] Swaleh: Itazame pini yake Baba Mdogo. Kuna vipete vyeusi vinavyokata ile dhahabu. Viko vingapi?

[2:29 usiku] Baba Mdogo: Nimevaa miwani. Viwili.

[2:30 usiku] Swaleh: Yenye maiki huwa na vitatu. Hiyo ni ya kusikilizia tu.

[2:30 usiku] Baba Mdogo: Kijana aliniapia.

[2:31 usiku] Shangazi Zaituni: Na hata ingekuwa nayo, Babu hawezi kuvalishwa hedifoni mbele ya wakwe. Endeleeni na vile vitundu.

[2:33 usiku] Swaleh: Kassim, sasa nijibu ukweli. Kuna siku uliwahi kubandika mstari wowote ndani ya /etc/modprobe.d, ile folda ya maagizo ya draiva?

[2:34 usiku] Kassim: Ujumbe huu umefutwa

[2:34 usiku] Mjomba Juma Jinja: Nimeuona kabla hujafuta 😂

[2:37 usiku] Kassim: Sawa. Ramadhani, siku ile Baba Mdogo alitaka kusikiliza darsa, hakukuwa na sauti yoyote. Pavucontrol, ile programu ya mipangilio ya sauti, ilikuwa imeandika Dummy Output peke yake, yaani kifaa cha bandia. Nikatafuta, nikakuta mtu ameandika weka mstari huu, washa upya, utanishukuru. Nikauweka. Sauti ikatoka. Kweli nilimshukuru

[2:38 usiku] Swaleh: Niandikie huo mstari.

[2:39 usiku] Kassim: options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

[2:40 usiku] Swaleh: Banange. Ndiyo hiyo.

[2:46 usiku] Swaleh: Nieleze, wazee mnisamehe kwa maneno mengi, taksi bado imesimama. Hizi mashine za Intel za miaka ya karibuni zina njia mbili za kuendesha sauti. Ile ya zamani inaitwa snd_hda_intel, inaijua Realtek vizuri: spika, tundu, basi. Ile mpya inaitwa SOF, nayo ndiyo inayojua kuongea na maiki za kidijitali. Kernel, yaani kiini cha Linux, ikikuta mashine ina maiki hizo, yenyewe inachagua SOF. Lakini SOF ikiamka inataka faili la fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa, lipakiwe kwenye kile kichakata. Faili halipo? Kadi nzima haijitokezi, unabaki na Dummy Output. Hapo ndipo Kassim alipokuwa Ramadhani. Ule mstari ukamwambia kernel: achana na SOF, lazimisha njia ya zamani. Spika zikarudi, ila maiki zikabaki upande wa pili wa mto, na hakuna aliyejua kwa sababu darsa ni ya kusikiliza, si ya kujibu.

[2:47 usiku] Mama Hawa: Kwa hiyo tangu Ramadhani laptop imekuwa bubu na sisi tunailaumu network.

[2:48 usiku] Shangazi Zaituni: Mimi nimeongeza bando mara tatu kwa ajili ya huyu mtoto.

[2:50 usiku] Mjomba Juma Jinja: Bando lenyewe lina kodi asilimia 12 ndani yake. Bora ile OTT ya 2018, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, angalau ulikuwa unaona kinachokuuma.

[2:51 usiku] Mama Hawa: Mjomba ulikuwa unaikwepa kwa VPN, usitudanganye.

[2:58 usiku] Swaleh: Turudi kwenye kazi. Hiyo Linux yako ni Debian, uliweka toleo lipi?

[2:59 usiku] Kassim: 11 kwa ile flashi yako, halafu nikaipandisha 12

[3:01 usiku] Swaleh: Kumbe na mimi nimo kwenye kesi. Ile flashi ilikuwa ya picha rasmi ya zamani, haikubeba fimwea zisizo huru. Debian 12 ndiyo ilianza kuziweka kwenye diski ya kusakinisha, 2023, na ikazitengea sehemu yake. Ukipandisha kutoka 11 sehemu hiyo haijiongezi, lazima uiandike mwenyewe. Ajabu ni kwamba chanzo cha SOF kiko wazi, mtu yeyote anaweza kukisoma, lakini hizi laptop zinakubali ile nakala iliyotiwa saini tu. Kwa hiyo Debian wanaiweka nje ya ua.

Fungua /etc/apt/sources.list, ile orodha ya mahali Debian inapochukua programu, kwenye mstari wa bookworm main (bookworm ndiyo Debian 12) ongeza mwishoni

non-free-firmware

Hifadhi, halafu

sudo apt update
sudo apt install firmware-sof-signed

[3:02 usiku] Swaleh: Nimeshuka Kawempe. Natembea, nitachelewa kujibu.

[3:09 usiku] Kassim: Inasema haioni paketi hiyo

[3:21 usiku] Swaleh: Picha ya sources.list.

[3:22 usiku] Kassim: 📷 Picha

[3:23 usiku] Swaleh: Umeongeza kwenye mstari wenye alama ya reli (#) mbele. Huo umezimwa, haumhusu mtu. Ongeza kwenye ule wa chini yake unaoanza na deb.

[3:27 usiku] Kassim: Imeshuka! Niwashe upya?

[3:28 usiku] Swaleh: Bado! Toa kwanza ule mstari wa Ramadhani, la sivyo ataamka yuleyule wa zamani. Usiufute, weka alama ya reli mbele yake, tukikwama tuurudishe.

[3:30 usiku] Kassim: Nimeweka. Nawasha upya

[3:31 usiku] Shangazi Zaituni: Umeme umekatika.

[3:31 usiku] Mama Hawa: Hapana 😭

[3:32 usiku] Shangazi Zaituni: Na betri ya laptop ni pambo, inajulikana. Tulaleni.

Ijumaa

[12:40 asubuhi] Kassim: Umeme umerudi. arecord -l sasa inasema sof-hda-dsp. Ina HDA Analog, na DMIC, na DMIC16kHz!!! Shikamoo Swaleh

[12:58 asubuhi] Swaleh: Marahaba. DMIC ndizo hizo za vitundu. Usihangaike kuchagua kati ya hizo mbili, PulseAudio, programu inayogawa sauti, itachukua inayofaa. Sasa jaribu bila intaneti kabisa:

arecord -f cd -d 5 jaribu.wav
aplay jaribu.wav

Ongea sekunde tano, usikilize.

[1:06 asubuhi] Kassim: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

[1:08 asubuhi] Mama Hawa: Namsikia Bibi anauliza nani amehamisha kawa lake 😂😂 ila kwa mbali sana, kama yuko kisimani

[1:10 asubuhi] Swaleh: Iko chini. Kwenye tamino fungua alsamixer, ya kupandisha na kushusha sauti, F6 uchague kadi ya sof, F4 uje upande wa kurekodi. Utaona Dmic0. Ipandishe kidogo kidogo, ukisikia inakwaruza rudi nyuma. Usiipeleke mpaka juu, itaanza kubeba feni ya mashine na kila jogoo wa Bombo.

[1:19 asubuhi] Kassim: Nimeiacha 75. Bibi anasikika yuko hapahapa. Bado anatafuta kawa

[1:20 asubuhi] Bibi Halima: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

[1:22 asubuhi] Shangazi Zaituni: Bibi anasema Swaleh aje Jumamosi mwenyewe, kutakuwa na mkate wa gurusa, asiwe wa kutibu kwa simu tu.

[1:25 asubuhi] Swaleh: Nitafika inshallah. Kassim, leo jioni piga simu ya majaribio na mimi kwa Jitsi ileile, kabla ya wakwe. Na kwenye mipangilio ya Jitsi hakikisha maiki iliyochaguliwa ni hii mpya, maana huenda Firefox inakumbuka ile ya tundu.

[1:45 usiku] Kassim: Ilikuwa inakumbuka ile ya tundu

[1:46 usiku] Swaleh: Nakusikia safi. Ila najisikia na mimi mwenyewe nikirudi. Mmefungua spika ya nje?

[1:47 usiku] Baba Mdogo: Ile kubwa ya harusi. Nimeiweka mbele ya laptop ili Babu asikie.

[1:50 usiku] Swaleh: Baba Mdogo, hapo sauti yangu inatoka spikani, inaingia tena kwenye vitundu, inanirudia. Jitsi inajitahidi kuifuta ila kwa spika ya harusi inashindwa. Iwekwe nyuma ya Babu au pembeni, mgongo wake uelekee laptop, na volyumu nusu.

[1:58 usiku] Swaleh: Hapo sasa. Msiiguse tena.

[2:00 usiku] Mjomba Juma Jinja: Na Windows je?

[2:00 usiku] Mama Hawa: Mjomba lala.

Jumamosi

[9:48 alasiri] Mama Hawa: Mimi niko kwenye linki toka hapa Arua. Naona wazee wa Mombasa wamekaa. Wanauliza kama mko tayari.

[9:50 alasiri] Baba Mdogo: Tuko. Babu amevaa kanzu mpya. Swaleh amekaa karibu na waya asije mtu akaukanyaga.

[10:03 alasiri] Mama Hawa: Dua imesikika yote. Huku imetulia kabisa. Babu anaongea polepole, vizuri.

[10:04 alasiri] Mama Hawa: Zaituni jamani, fungeni mlango wa jikoni, blenda inasikika mpaka Mombasa.