Vitabu kuhusu chai: nianze na vipi, na ukungu nifanyeje?

Sawala_Kijani: Wakuu, habari za majukumu. Niko Mufindi, nataka kukusanya vitabu kuhusu chai: kilimo, kiwanda, historia. Bajeti ya kuanzia ni laki tatu. Pia vichache nilivyonavyo vimeota ukungu kwenye majalada na pini zimeshika kutu. Ushauri tafadhali.

Jani_Bichi: Mkuu, usiikimbilie *All About Tea* ya Ukers (New York, 1935). Ni juzuu mbili nene, na juzuu moja pekee ni hasara, kwa hiyo uliza kwanza kama zote zipo. *The Book of Tea* ya Okakura (1906) iko bure mtandaoni, tena ni falsafa ya chai ya Kijapani. Habari za kupogoa humo huzikuti. Anza na *Tea* ya Eden. Toleo la kwanza ni la 1958, la tatu 1976. Wa kusoma achukue la tatu. Kabla hujatuma hela, omba picha ya nyuma ya ukurasa wa jina (ndiko toleo linakoandikwa) na picha ya mgongo wa kitabu.

Tukuyu_Mvua: Mimi ningeanzia kwenye makaratasi. Vijitabu vya kituo cha utafiti wa chai cha Kericho, Kenya, vya enzi utafiti ulipokuwa wa Afrika Mashariki nzima, vipeperushi vya TRIT (taasisi ya utafiti wa chai Tanzania) ya hapo Ngwazi, ripoti za mashamba. Eden utampata hata mwakani, lakini hivi ofisi ikihama vinaishia kufungia maandazi. Andika nyuma kwa penseli ulikokipata, wino unapenya.

Mzee_wa_Draya: Ukungu anika juani kutwa, unaisha.

Rafu_ya_Tatu: Hapana mzee wangu, jua linapausha kitambaa na kupinda jalada. Kiweke kimesimama, kurasa zimeachana kidogo, chumba chenye hewa, hadi ukungu ukauke uwe unga. Ndipo utoke nje, vaa barakoa, upanguse kwa brashi laini kuelekea upande mmoja. Kitambaa kibichi kinausukuma ndani ya nyuzi. Friza ni ya wadudu tu, haiui ukungu: funga kitabu kwenye nailoni, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukikitoa usifungue hadi kesho yake, la sivyo umande unatua kwenye karatasi.

Pini: fungua ukurasa wa katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, itoe kwa upande wa mgongo. Ukiing'oa kwa nguvu, kutu inaondoka na karatasi. Shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale, fundo libaki ndani. Selotepu sahau kabisa, gundi yake inageuka njano na haitoki.

Rafu iache sentimita 5 kutoka ukutani, na usiiegemeze ukuta wa nje. Nunua kipima unyevu; kikikaa juu ya asilimia 65, ukungu utarudi tu. Na usihifadhi vitabu pamoja na chai kavu. Chai inatoka kwenye draya (mashine ya kukaushia) na unyevu wa kama asilimia 3, inanyonya kila harufu.

Sawala_Kijani: Shukrani sana. Kuna kimoja kililowa, kurasa za picha za kung'aa zimegandana.

Rafu_ya_Tatu: Zikiwa bado mbichi, zitenganishe sasa hivi, weka karatasi ya nailoni katikati ya kila mbili. Kama zimeshakauka usizibandue, ile tabaka ya kung'aa itang'oka na picha.