Kitunguu thomu na mzunze badala ya antibaiotiki kwa kuku wa nyama: vipimo?

Mfugaji Kisauni
Assalam aleikum. Kuku 300 wa nyama, wiki ya pili, maji ya kisima. Nataka kuacha oksitetrasaiklini, antibaiotiki ninayowapa kila siku ya "kinga". Thomu na majani ya mzunze yatiwe kiasi gani kwa gunia la kilo 70? Kwa chakula ama kwa maji?

Banda la Bamburi
Waaleikum salaam. Tia kwa chakula. Maji ya thomu huchacha upesi kwa joto letu, na makapi huziba vyombo vya kunyweshea.

Unga wa thomu gramu 5 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 350 kwa gunia. Usiponde mbichi ukaanika: alisini, ile yenye harufu kali, huzaliwa punje inapovunjwa, kisha hupotea hewani. Kata vipande vyembamba, kausha kivulini penye upepo, ndipo usage. Unga ukilowa ndani ya kuku, alisini inatoka hapo.

Mzunze mkavu kilo 2 kwa gunia; kuupata, kausha majani mabichi kilo 8 hadi 10 hivi. Usipite asilimia 5 ya chakula, nyuzinyuzi zitakula uzito wa kuku. Jani likunje: likivunjika liko tayari, likipinda bado. Unyevu wa Pwani huleta ukungu, na sumu ya ukungu huharibu ini. Unga ukinuka uvundo, tupa wote.

Koroga kwanza na kilo 3 za chakula kwenye beseni, halafu kilo 20, halafu gunia zima juu ya turubai. Ukimwaga wote mara moja, wengine watapata nyingi na wengine hawapati kitu. Chakula cha tembe kinyunyizie mafuta ya kupikia kidogo, la sivyo unga wote unashuka chini.

Daktari wa Mifugo, Likoni
Hapo kwa kisima pana jambo. Visima vyetu vya mawe ya matumbawe vina chokaa nyingi, na chokaa hufunga tetrasaiklini, jamii ya hiyo dawa yako. Kuku anapata dozi isiyotibu, lakini yatosha kuwazoesha bakteria dawa. Kuacha ni sawa kabisa. Waliokwisha kunywa wasiuzwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Lakini mimea si tiba. Kinyesi chenye damu mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumbo: hapo dawa yake ni amproliamu, si thomu. Chanjo za magonjwa ya virusi, Gumboro na kideri, ziko palepale. Uswidi ilipiga marufuku antibaiotiki za kukuza mifugo mwaka 1986, na watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa wakaharisha sana mpaka mabanda na chakula vikarekebishwa.

Kwa hivyo anza na maranda ya sakafuni. Fumbata konzi moja, fungua mkono: yakibaki donge, yametota. Toa yote chini ya vyombo vya maji.

Mfugaji Kisauni
Shukran, daktari. Na wa mayai je?

Banda la Bamburi
Thomu nusu ya kipimo hicho. Ikizidi, mayai hunuka. Kwa hao 300, tenga 150 bila mimea, upime uzito wa kuku 20 kila upande kila wiki, ulinganishe.