Mnachangia bunduki kabla ya kumaliza mchango wa kilio cha zamu wetu, mlinzi wetu wa usiku?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, pamoja nanyi mlio mbali, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Katika avenue yetu, komini ya Kampemba, kuna daftari linalozungushwa lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja, ili kila mwenye nyumba atoe dola 20 za kununulia bunduki. Wala si bunduki ya kalibre 12 ya mwindaji wa kijijini. Wanataka ya nusu-otomatiki, yenye magazini ya risasi 30, "kama walizo nazo raia wa Marekani". Nimekataa kuandika jina langu, na tangu siku hiyo ninaitwa mwoga, tena na watu ambao usiku ule hawakufungua hata dirisha.

Usiku ninaousema ni wa wiki tatu zilizopita. Yapata saa nane, watu wanne waliruka ukuta wa jirani, ule wenye vipande vya chupa juu yake. Zamu wetu akapuliza firimbi, nasi tukagonga masufuria kama ilivyo desturi yetu, kisha zikasikika risasi tatu: moja, kimya, ya pili, kimya, ya tatu. Kulipopambazuka watoto waliokota maganda matatu kwenye mtaro, wakawa wanayapuliza kama filimbi mpaka mama mmoja alipowanyang'anya. Zamu alikuwa amelala kando ya geti, firimbi ikiwa bado shingoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Kwamba zilipigwa moja moja si jambo dogo. Mkutanoni jirani yangu alimpigia simu mdogo wake anayeishi Texas, akaweka spika, na huyo kijana akatufundisha kwa muda mrefu kwamba bunduki ya namna ile haiwezi kuitwa silaha ya vita kwa kuwa kila risasi inahitaji kidole kivute upya, na kwamba herufi AR katika jina la bunduki hiyo, AR-15, zinatokana na kampuni ya ArmaLite, wala si kifupi cha "assault rifle", yaani bunduki ya mashambulizi. Kuhusu herufi yuko sahihi. Lakini kalashi, ile AK-47 ya vita, nayo ina kipini upande wake wa kulia: kikiwa juu imefungwa, kikishushwa hadi katikati inamwaga risasi mfululizo, kikifika chini inapiga moja moja. Wale walipiga moja moja, wakaua. Ningependa huyo kijana amweleze mjane wa zamu tofauti anayoiona.

Na kama ni Marekani tunayotaka kuiga, tuichukue pamoja na habari zake zote. Mwezi Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa bunduki ya aina hiyohiyo. Mwezi Mei 2022, huko Uvalde, Texas hiyohiyo inayotupigia hotuba, waliuawa watoto 19 na walimu 2, huku polisi waliojaa kwenye korido, wakiwa na silaha na fulana za kuzuia risasi, wakisubiri zaidi ya saa moja kabla ya kuingia darasani. Ikiwa watu waliofunzwa kazi hiyo walisita mbele ya bunduki moja, zamu anayelipwa dola 60 kwa mwezi, aliyeshinda na njaa tangu asubuhi, atafanya nini saa nane za usiku mbele ya watu wanne?

Wamarekani wenyewe walizuia uuzaji wa nyingi kati ya bunduki hizo mwaka 1994, kisha wakaiacha sheria hiyo ife Septemba 2004. Aprili ya mwaka huohuo nchi yetu ya Kongo ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, mkataba wa nchi kadhaa za Afrika kuhusu silaha ndogo, ambao unataka raia wakatazwe kabisa kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki. Tena tunayo sheria-amri nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi. Shefu wa avenue alikuwa amekaa mbele yetu na hakutamka hata neno moja juu ya hayo. Nilipoyataja mimi, papa mmoja alinijibu kwamba karatasi haizuii risasi.

Ni kweli, haizuii, na hapo hasira yangu inageukia upande mwingine. Usiku ule tulipiga simu mara tatu kwenye kituo cha polisi ambacho sitakitaja, tukajibiwa kwamba gari halina mafuta. Walifika saa moja asubuhi na kalamu, wakaomba pesa za usafiri, na yale maganda matatu hawakuyataka. Bado yako kwangu ndani ya kopo la maziwa. Kalashi haioti shambani kama muhogo. Kila moja ilitoka katika ghala fulani, na alikuwapo aliyekabidhiwa funguo. Kwa nini hatuendi kumuuliza huyo, badala ya kwenda kununua, pengine kutoka mkononi mwake?

Halafu nimeuliza swali moja ambalo mpaka leo halijajibiwa: italala wapi? Wanasema itazunguka, wiki moja kwa huyu na wiki moja kwa yule, na avenue nzima itajua iko kwa nani, pamoja na shangazi zetu, wajukuu wao na kijana anayeleta maji. Nyumba isiyokuwa na kitu cha kuibwa itakuwa nacho. Wazee mnakumbuka kwamba katika Katanga hiihii, miaka ya 2000, watu walitoa bunduki wakapewa baiskeli. Leo jirani yangu amenadi baiskeli yake ili akamilishe dola zake 20.

Jana nililiomba daftari nikalisoma lote. Ukurasa wa kwanza ni wa mchango wa kilio: majina tisa, dola 34, na mbele ya majina mawili imeandikwa "atalipa". Ukurasa wa pili ni wa bunduki: majina 23, yote yamelipa.