Mrejesho: Fleti ya mama yenye wahudumu ndani

Wakuu, mwezi jana niliuliza nitajuaje kama zile fleti za wazee zenye wahudumu humohumo, hapa Leicester, zinafaa, maana mama hawezi tena kuoga peke yake. Asanteni, hasa dada aliyesema niende jioni bila miadi.

Nilianza na ripoti ya CQC, wakaguzi wa huduma wa Uingereza. Wameandika "Nzuri". Kumbe wao hukagua ile huduma ya kuogeshwa na kuvishwa, jengo haliwahusu! Hata mikataba ni miwili, wa kupanga na wa kuhudumiwa.

Basi Jumapili saa moja jioni nikaenda. Mapokezi maua matupu. Chooni, kamba ya kuitia msaada imefungwa fundo juu, ati inawasumbua wanaopiga deki. Mzee akianguka ataifikiaje? Nikauliza usiku wanalala wahudumu wangapi. Binti wa mapokezi akaangalia chini: mmoja, jengo zima.

Tumechukua pengine, pachakavu kidogo, ila kamba inagusa sakafu na nilipoivuta walifika dakika 2. Mama analalamikia chai tu, haina tangawizi.